Basi la Kutufikisha Karakana Mpya, Nyuma ya Machimbo

Kikao cha Kamati ya Wafanyakazi wa Ushonaji, Jumamosi, ndani ya karakana mpya.

Kumbukumbu zimeandikwa na Katibu, mbeba majora, mwenye miguu ambayo punda wakiiona wanapisha njia. Ndiye aliyefika wa kwanza, shati kavu.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mkata vitambaa), Fundi Vifungo, Katibu. Mwalikwa: Afisa Utumishi.
Asiyekuwapo: Mama Pacha, mpiga pasi. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao huku bado anahema. Alihoji kwa nini wameitwa huku wakati karakana ya zamani ina viti. Afisa Utumishi alijibu kwamba alitaka wazoee hewa. Fundi Vifungo alisema hewa ya bure humtia wasiwasi.

KUMB. NA. 2/ VIJANA WA GETINI
Mwenyekiti alitaka kujua vijana wa jirani waliovaa aproni zetu ni akina nani. Afisa alieleza kwamba wanajifunza. Fundi Vifungo aliuliza, "Wanajifunza kukalia cherehani ya nani, bosi?" Afisa alisema Fundi ana maneno mengi kuliko vifungo. Fundi hakukanusha.

KUMB. NA. 3/ BASI
Afisa alisoma utaratibu mpya: atakayekuta geti limefungwa mara tatu atahesabiwa ameacha kazi mwenyewe. Mwenyekiti alisema sasa ameelewa kwa nini tunahamishiwa huku: umbali ufukuze watu, mikono ya wakubwa ibaki safi. Aliomba basi, hasa kwa Mama Pacha, ambaye anaishi ukuta kwa ukuta na karakana ya zamani na huchomoka mchana kunyonyesha. Alisema Mama Pacha mwenyewe yuko njiani kuja kujieleza, asubiriwe.

Afisa alimgeukia Katibu. "Wewe kijana, umekujaje?"

Katibu alijibu, "Kwa miguu, mkuu. Hata jasho sikutoa."

Afisa aliagiza yaandikwe hivyo hivyo. Yakaandikwa. Basi likakataliwa. Mwenyekiti alimtazama Katibu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa sita kasorobo, Afisa akaondoka na gari lake. Getini tulimkuta Mama Pacha, viatu mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliuliza, "Jamani, mmeshamaliza?"

Katibu anaomba KUMB. NA. 3 isahihishwe. Hakuja kwa miguu. Alidandia lori la kokoto tangu sokoni. Njiani lilimpita Mama Pacha, na Katibu alimpungia mkono.

Mwenyekiti: .................... (amesema atatia saini basi likija)
Katibu: ametia saini.