Machozi Uliyolia Kwenye Sinema

Baba Tumaini,

Salamu sikuletei. Mimi ni mzima, na wewe nimekuona mzima kwenye shuka la sinema hapa Iyunga, umenenepa na viatu unavyo.

Dereva wa lori amenifikishia maneno yako: "Mwambie Mama Tumaini nikimaliza picha hii ninarudi, anitengenezee nyumba." Nakujibu kwa barua ya wazi, mbele ya watu, maana mbele ya watu ndiko ulikonitia aibu.

Unakumbuka ulipokuwa ukipiga mieleka gulioni Mbalizi? Ukishamwangusha mtu unamtafuta Tumaini kwenye kundi, unampandisha mabegani, naye anawapungia watu mkono kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Jioni nakukanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo, wewe unaguna, mtoto anakuiga. Nilikupenda, siwezi kukana. Mwanamume aliyeogopwa mpaka Iringa alikuwa anasinzia mikononi mwangu.

Kisha surua ikamchukua mwanetu. Siku ya kumzika ulisimama kaburini umekunja mikono, jicho kavu. Baba yako alikupa udongo utie, ukakataa. Ukaniambia, "Mpiga mieleka akilia mwili unalegea. Jumamosi nina pambano Iringa." Kabla matanga hayajaisha ukapanda lori. Watu walipokusema, mimi ndiye niliyekutetea. Niliwaambia ni miiko ya kazi yako, wakuache.

Huko Iringa watu wa sinema wakakuona ukumbini, wakapenda kifua chako, wakakuchukua hadi Dar es Salaam. Sikununa. Mtu hutafuta, mkono mtupu haulambwi.

Juzi gari la sinema likaja. Ilikuwa picha ya baba mbishi aliyekataa kumpeleka mwanawe hospitali, na mtoto akafa. Baba mwenyewe ni wewe. Ukapiga magoti kaburini, ukalia mpaka kamasi, ukatia udongo kwa mikono miwili, ukaita, "Mwanangu, umeniacha na nani!" Maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi kwenye kaburi la Tumaini, wewe ukiwa umesimama pembeni. Kumbe ulikuwa unasikiliza!

Asubuhi majirani wakajaa uani na unga na ndizi, kanga wamezifunga viunoni. Mmoja akanishika mkono: "Pole, mama. Tumeona msiba yenu jana. Huyu mtoto ingine mlizaa lini?"

Nikawaeleza kwamba ule ni mchezo, mtoto yule yuko hai, anakula wali Dar es Salaam. Kisha bibi mmoja akasema, "Sasa kama anajua kulia namna ile, yule wa kweli mbona hakumlilia?"

Walikuja na unga wao kulia msiba wa uongo, nikawaacha wakae. Tukamlilia Tumaini upya, na safari hii sikukutetea.

Nakuchukia. Si kwa sababu ulikwenda, wanaume wengi huenda. Nakuchukia kwa sababu mwili uliokataa kulegea kwa mwanao ulilegea pale mtu mwenye mashine ya picha alipokuamuru.

Usirudi. Nguo zako ziko kwa baba yako, na kwangu amehamia dada yangu na watoto wake. Siku ukisikia nimekufa, baki hukohuko. Wa kunililia ninao.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Tumaini