Mila ya Maji Mdomoni

Misugusugu, Kibaha
Jumapili

Dada yangu Mama Shabani,

Shikamoo dada. Mguu umepona? Na mvua je, imewafikia huko Sikonge au mnaitazama tu ikienda kwa wengine? Sisi huku wazima. Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu. Mwalimu wa kisomo anasema mwandiko wangu unaushinda wa balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi amenuna, lakini ndiyo hivyo.

Dada, nimepata mjukuu! Mtoto wa kike wa mwanangu Ramadhani, yule mwalimu. Pua ya kwetu kabisa. Nilimtazama mara moja nikasema, huyu ni Nyamizi, mama yetu. Unajua mama alikufa hajapata hata mmoja wa kurithi jina lake.

Tatizo ni mkwe mwenzangu, Bi Tatu wa Kisarawe, aliyemzaa mke wa Ramadhani. Siku ya saba alikuja na jina alilolichagua tayari: Zubeda, la shangazi yake yeye. Ramadhani na mkewe wakatuogopa wote wawili. "Kubalianeni wenyewe, wakubwa."

Sikukuandikia alivyonifanya huyu mama kwenye harusi. Nilipofika mlangoni kwao akanizuia: "Mila yetu, mama wa bwana harusi haingii mpaka atwange kinu kitupu huku anataja sifa za mwanawe." Mimi tena! Nikajifunga kanga kiunoni, nikatwanga. Sifa kumi na moja, na nilisimama kwa kiu, si kwa kuishiwa. Kumbe wanawake wamejibanza ndani wanakufa kwa kicheko. "Mtani, umetwanga upepo! Mila hiyo tumeitunga leo asubuhi!" Mnyamwezi atamkasirikiaje Mzaramo, mtani wake? Nikacheka nao. Lakini nikaiweka moyoni.

Basi siku ya jina nikamwambia, "Bi Tatu, harusi tulifuata mila za kwenu. Leo tufuate za kwetu."

"Zipi hizo?"

"Bibi wa upande wa mama hujaza maji mdomoni kabla jina halijatajwa, mpaka dua iishe. Akimeza au akitema, mtoto atakuwa mmbeya."

Nani anataka mjukuu mmbeya? Akajaza.

Shehe akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

"Nyamizi," nikasema.

"Kuna mwenye neno?"

Bi Tatu macho yakamtoka, mashavu yamevimba kama chura. "Mmm! Mmm!"

"Anasema amelipenda," nikamfasiria shehe. Dua ikasomwa, sote tukaitikia amina, yeye akaitikia kwa pua.

Alipomeza tu: "Wewe Mnyamwezi! Hiyo ni mila kweli?"

"Muulize dada yangu."

Nilidhani yameisha. Kumbe Bi Tatu kafunga safari! Wakishavuna mpunga anapanda gari moshi pale Ruvu, anakuja kwako kukuuliza mwenyewe. Ameapa, ikiwa ni uongo mtoto ataitwa Zubeda.

Dada, nakuomba sana. Mpokee vizuri, mchinjie kuku. Mila hiyo ipo tangu enzi za babu zetu, na wewe ulijaza maji kwa kila mjukuu aliyetoka kwa binti zako. Usicheke, maana nakujua! Shemeji hawezi kusema uongo, kwa hiyo siku hiyo awe shambani.

Msalimie mjomba na mizinga yake ya nyuki, na mama mdogo wa vyungu. Wanangu wote wa hapo nawabusu.

Mimi mdogo wako,
Mama Ramadhani,
bibi yake Nyamizi, ukiniokoa.