Baba anadhani ni Nasibu anayemwogesha

Mpendwa Mama Dorah, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu la kweli usilitoe, niite tu Limi. Nasoma kidato cha tatu hapa Kharumwa, na tangu mama afariki tunaishi wawili tu, mimi na baba.

Mwaka jana baruti ililipuka kabla ya wakati kwenye duara, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, ikamtoa macho na kumvunja mgongo, kwa hiyo haoni na hawezi kukaa bila kushikwa. Rafiki yake wa machimboni, Nasibu, ndiye alikuwa akija kila alfajiri kumwogesha na kumbadilisha nguo, mimi nikingoja nje na ndoo, maana kwetu binti haoni utupu wa baba yake, na baba alisema tangu hospitali kwamba siku nitakapomvua nguo mimi, hiyo ndiyo siku atakayokuwa amekufa.

Mwezi wa tatu Nasibu alisikia dhahabu imetoka upande wa Chato, akaondoka bila kuaga. Asubuhi ile baba aliita, "Nasibu, umefika?" na mimi nilikuwa mlangoni na maji ya moto, nikaguna kama Nasibu anavyoguna, kwa sababu si mtu wa maneno, nikavaa glavu alizoziacha, nikamwogesha. Tangu siku hiyo mimi ndiye Nasibu. Nikimaliza natoka, nafuta machozi, narudi na kusema, "Shikamoo baba," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamka?" kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Sasa ana kidonda chini ya kiuno. Kilianza kama wekundu tu, leo kina shimo na kinanuka, na wiki iliyopita alimwambia Nasibu, "Kinauma, lakini usimwambie Limi, ataacha shule." Nilisikia huku nikikisafisha. Siwezi kumwambia twende zahanati, kwa sababu ataniuliza nimekijuaje. Glavu nazo zimekwisha, natumia mikono mitupu, na siku hizi ananiharakisha, anasema, "Inatosha Nasibu, jua linapanda, nenda." Nikisema ukweli naogopa atakataa kuoga na kula, nikinyamaza kidonda kitamwua. Je, nimemkosea baba? Nifanye nini?

MAMA DORAH ANAJIBU

Marahaba, Limi. Barua yako nimeisoma na leso mkononi, lakini sitaacha kukugombeza. Kidonda kilipokuwa wekundu tu ungemwita mtu mzima yeyote. Siri yako ilianza kwa mapenzi, sasa inamla baba yako mwili.

Hukumkosea. Mwiko ule uliwekwa ili mzazi asidharauliwe, na wewe hukumdharau hata siku moja.

Sasa fikiri kidogo. Jua likipanda, Nasibu awahi wapi? Machimboni hakuna kengele. Na mikono ya mtu wa sururu haifanani na ya mtoto wa shule, hata mtu asiyeona anaijua. Mimi sipo hapo kwenu, siwezi kuapa, ila nadhani baba yako alishajua, naye anakutunzia siri yako kama unavyomtunzia yake. Mmenyamaziana vya kutosha.

Kesho usiende shule kwanza. Nenda zahanati umlete muuguzi akione kidonda, na usipake majani wala majivu. Akuonyeshe kumgeuza baba kila baada ya saa mbili, na jirani akusaidie ukiwa darasani. Ndugu wa kiume wa baba yako wapigiwe simu wapange zamu ya kumwogesha. Kama hawapo, waombe wazee wa kanisani. Siku asipopatikana mtu, mwogeshe wewe, umfunike khanga na kufunua sehemu moja moja, na pale pa aibu mpe kitambaa ajisafishe mwenyewe. Mikono yake haikuvunjika.

Lakini kabla ya yote hayo, alfajiri akiita Nasibu, usigune. Weka ndoo chini useme, "Shikamoo baba." Kisha mngoje aitikie, hata akichelewa.