Hotuba Zilizomshusha Neema

Kibondo, Jumanne

Halafu wanasema kosa ni la ndege.

Ile ndege kubwa ya jeshi ilitua asubuhi, ukungu haujaisha, kuwachukua wagonjwa wetu kwenda Mwanza. Mdogo wangu Neema alishapanda na mwanawe aliyeungua kwa uji. Lakini mgeni rasmi alikuwa bado. Alipofika zikaanza ngoma, kisha hotuba, mpaka jua likawa la utosi.

Rubani alisema kwa upole, "Asubuhi kwenye baridi ningebeba wote. Sasa hewa ina joto, tuko milimani, na uwanja ni mfupi. Nikijaza, hainyanyuki."

Wakashushwa ndugu wanaouguza wagonjwa, Neema akiwamo; mtoto akaenda peke yake. Mgeni alipanda na madumu ya asali aliyozawadiwa, na hakuna aliyeyagusa. Nilimuuliza ofisa mmoja kwa nini asali isishuke. Akanitazama kama vile mimi ndiye...

Basi.

Neema yuko hapa kwangu, hajala. Kesho atapanda basi.

Mtoto hajui Kiswahili, anajua Kiha tu. Naogopa saa hizi analia "amazi, amazi," na wauguzi wanambembeleza, hawajui kwamba ana kiu.