Kijembe Katika Opera ya Toronto

Mdogo wangu Saada,

Hamjambo hapo Tanga? Huku majani yanapukutika na baridi inauma. Nimekuja na kikundi cha wapenzi wa opera, na tangu asubuhi mwenzetu Mwanahamisi kakalia kiti changu cha dirishani kwenye basi. Nikaenda kukaa nyuma. Ukumbini mwimbaji akapaza sauti. Neno sikuelewa, ila nilijua Mwanahamisi ndiye anayesemwa. Nikainuka kama tufanyavyo kwenye taarabu, nikaenda kwa madaha hadi mbele, nikimnyooshea Mwanahamisi kidole. Wimbo wa pili akainuka yeye kunijibu! Tumetolewa nje sote, makoti yamebaki ndani. Nakuandikia tumejitanda kanga yangu moja, na yeye ndiye kaishika kadi hii isipeperuke.

Anakusalimu sana. Usiitikie mpaka anirudishie kiti.

Nakupenda, mdogo wangu.
Dadako Shuena