Gemu Iliyohesabu Mbuzi wa Mama

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi tupu hapa Nchiru, manyunyu tangu asubuhi, na wanafunzi wa hosteli wamejifungia vyumbani. Sijaenda kanisani. Sina nguvu ya kusalimiana na watu.

Nimechoka, shajara. Nimechoka kabisa.

Na hii ndiyo wiki niliyoingoja miaka mitatu. Miaka yote hiyo nimekaa kwenye chumba hiki nikiprogramu gemu moja tu: unachunga mbuzi kwenye vichaka vya kwetu Ishiara, jua linazama, na ni lazima uwafikishe bomani kabla fisi hajatoka. Nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huwa nasema "ya kompyuta" na wananyamaza. Ningewaambia mtu mzima na digrii yake anatengeneza mchezo wa mbuzi, wangeniombea.

Halafu kampuni moja ya Nairobi ikaipenda. Walitaka kitu kimoja kabla ya kutia sahihi: video ya watu wa kwetu wakiicheza. Nikaona hiyo ni rahisi. Wikendi iliyopita nikashuka Ishiara, nikamkalisha mama kwenye kigoda nje ya jikoni, nikampa simu.

Aki alivyofurahi! Mbuzi wa kwenye gemu ni mbuzi wake. Niliwapiga picha mmoja mmoja nikawachora, hata Kairu, yule mweusi mkorofi mwenye sikio lililochanika. Mama akawatambua wote. Akacheka, akawakaripia kwa majina, akawaelekeza bomani. Mimi narekodi tu, najiona nishafika.

Ndipo simu ikaanza kuhesabu.

Moja, mbili, tatu. Kila mbuzi anapoingia, sauti inahesabu na namba inapanda kwenye skrini. Ndivyo gemu zinavyofanya, ili mchezaji aone amepata nini. Na sauti ni yangu. Niliirekodi mwenyewe humu chumbani nikiwa nimejifunika blanketi ili kelele za hosteli zisiingie.

Kwetu Mbeere mtu hahesabu mbuzi. Wala watoto. Ukihesabu unaita kifo. Jioni mama husimama kwenye mlango wa boma akawaangalia tu wakiingia, na anajua nani hajafika. Hili nimekua nalo, hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Na bado nilikaa miaka yote hiyo nikiandika ile mistari ya kuhesabu, nikiijaribu kila siku, na halikunijia akilini hata mara moja. Mgeni angesamehewa. Mimi je?

Mama aliiweka simu chini polepole. Huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mamake.

"Mama," akasema, "umewahesabu wangu wote?"

Nikaiokota simu. Nikazima. Video niliyowatumia Nairobi niliikata kabla ya hapo.

Niliporudi hapa nikaing'oa hesabu yote. Badala yake mchezaji akifika bomani anawaangalia mbuzi, anatambua mwenyewe nani amebaki porini. Niliipenda, sitadanganya. Nikawapa wanafunzi wa vyumba vya jirani wajaribu, wakaniuliza, sasa nimeshinda ama nimeshindwa? Kampuni nayo, niliyoitumia toleo hilo jipya, ikajibu Ijumaa, kwa upole kabisa. Namba irudi, na sauti yangu irudi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowafurahisha walipoicheza mara ya kwanza. La sivyo wataendelea na watu wengine. Nikawaomba basi angalau nichore mbuzi wengine, wasio wa mtu yeyote. Wakasema hapana, hawa ndio wazuri.

Nililia, kisha nikakubali. Ndiyo hivyo. Ningekataa ningerudi kwenye saiba, kile kibanda cha intaneti, kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Nimeshakaa huko, nakujua.

Leo mchana mama amepiga simu. Kairu hakurudi jana jioni. Wamemtafuta mpaka mtoni, hawajaona hata unyoya. Nikamwambia mbuzi hupotea Ishiara kila mwaka, fisi wapo, na wezi wapo. Nilisema maneno mengi sana. Nilijisikia nikisema na sikuweza kunyamaza.

"Hakuna aliyekulaumu," akasema.

Nani alikuwa ametaja lawama?

Kisha akauliza kama wale watu wa Nairobi wameichukua kazi yangu. Nikasema ndiyo. Hakuuliza habari ya hesabu, na mimi sikumwambia. Ataisikia tu, siku mtoto wa jirani atakapoifungua kwenye simu na sauti ya bintiye ianze kuwaita mbuzi wake kwa namba. Akasema Mungu ni mwema. Akasema nile vizuri na nivae sweta, huku Nchiru kuna baridi.

Kila akipiga, mama humaliza kwa kuniuliza naja nyumbani lini. Swali hilo hunikera, huwa namjibu nikiwa na haraka. Leo nimelingoja. Nimeibana simu sikioni nikalingoja.

Amesema haya basi, akakata.

Sasa ni mimi nimpigie, nimwulize kama naweza kuja?