Kwa Nanga, Fundi wa Boti ya Kwanza

Mwaka umetimia, Nanga, tangu ulipojinyoosha kwenye kochi ukisubiri chakula, usiamke tena. Bahari niliyoigombeza miaka yote ilikurudisha kila mara. Moyo ndio uliokuchukua, humu humu ndani.

Tulikuita Nanga kwa sababu ukishakaa mezani hung'oki. Ila kazi ikiita, ulikuwa wa kwanza kuondoka.

Ulikuwa fundi wa injini jeshi letu la majini lilipoanza na boti moja, ya mtumba, isiyo na hata bunduki. Watu walicheka: "Jeshi gani hilo? Boti ikienda kupakwa rangi, nchi inabaki wazi." Ukawajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Sare hazikuwepo, ukaniletea kazi mimi, mkeo na fundi cherehani wako. Siku ya gwaride ndipo tulipogundua kitambaa changu cha bluu ni kile kile cha sare za shule ya msingi. Watoto wakajipanga nyuma yenu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, wewe ukawaambia wenzako, "Tembeeni tu, jeshi limeongezeka."

Mlizifukuza meli za wageni zilizovua kwetu kama kwenye shamba lisilo na mwenyewe. Lakini wavuvi wakiita kwenye redio kwamba wanazama, mliacha kufukuza, mkageuza boti. "Samaki watazaliwa wengine," ulisema. Leo boti ni nyingi na bunduki zipo, ila desturi hiyo haijabadilika.

Friji uliyokuwa ukiiwekea kiganja kuisikiliza kama mgonjwa bado inafanya kazi, kwa ukaidi wako.

Tulipomaliza matanga, kitindamimba wako alisema anajiunga na jeshi lako la majini. Nilikataa. Nilimwambia nimekaa dirishani vya kutosha nikimsubiri baba yake. Akaniuliza taratibu, "Sasa mama, wavuvi wakiita, nani atageuza boti?" Nilinuna wiki nzima. Ni wewe mtupu, Nanga, mpaka ubishi.

Anaapishwa Jumatatu. Sare siku hizi zinatoka kiwandani, na mikono ilimfunika vidole. Nimeifupisha mwenyewe, kwa mkasi ule ule niliokatia sare zenu. Naogopa, sikufichi. Lakini atakwenda, na kiti changu cha dirishani nimeshakifuta vumbi.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wajukuu, dada yako muuza duka, na mabaharia wenzako wa boti ya kwanza. Hatutakusahau kamwe, na boti haitakosa wa kuigeuza.